Uzi Machoni pa Yangeyange

Xom Bai, Con Say,
Mkoa wa Nam Dinh.
26 Novemba 2017.

Mpendwa mdogo wangu Tru,

"Dada, kwa ubishi wako umemkatia mama thawabu yake katikati." Ndivyo ulivyoniandikia siku ile ya mwezi mpevu, muda mfupi tu baada ya simu kuzimwa, na tangu hapo hujanipigia. Nitakujibu, tena kwa kirefu, kwa kuwa hukunijua leo. Lakini kwanza nikusalimu, maana hata mtu ninayegombana naye humsalimu kabla ya kukunja mikono ya shati.

Hamjambo hapo Brno? Wifi yangu Hanh hajambo? Mgongo wake unaendeleaje na kule kusimama dukani kutwa? Mwambie zile dawa za kuchua alizoniomba nimeshazifunga, nasubiri mtu anayesafiri. Na watoto je? Nimesikia Diep ameanza chuo na Khoa amekupita kimo. Mbusu kila mmoja kwa niaba yangu, hata huyo aliyekupita kimo, mwinamishe.

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto hunikumbusha umri wangu kila upepo wa kaskazini unapoanza, ila ulimi wangu haujapata ugonjwa wowote, kama utakavyoona. Mama anakula vizuri, analala vizuri na analalamika vizuri. Mpunga ulipokuwa mchanga nilimpondea zile chenga za kijani mnazozitamani nyinyi mlio mbali, akazila na ndizi mbivu, halafu akauliza kama Ulaya zipo. Nikamwambia hazipo. Akaacha kula kwa muda, kisha akaendelea.

Macho yake ni yale yale. Anatambua mwanga na kivuli, anajua mlango uko wapi na dirisha liko wapi, lakini uso wangu hauoni tena. Nitarudi kwenye macho hayo, maana barua yote hii inayahusu.

Ndege wamefika Con Say. Najua hukuuliza, lakini ungekuwa hapa usingehitaji kuuliza. Ungesikia kabla hujaamka. Walitangulia wale vindege vidogo vya matopeni, wanaokimbia nyuma ya maji yanayokupwa kama watu waliochelewa mnada. Wakafuata sululu na midomo yao iliyopinda. Kisha bata, makundi kwa makundi, wakalala juu ya maji kule ng'ambo ya mikoko hadi ukadhani ni majani yaliyoelea. Mwisho wakaja domomwiko wenye nyuso nyeusi. Unawakumbuka? Wanatembea kwenye maji ya magotini wakipeleka mdomo huku na huku, kama mama anavyopeleka upawa chini ya sufuria akitafuta kamba wa mwisho. Wametoka Korea, na wengine mbali zaidi, na kila mwaka wanarudi kwenye tope lile lile.

Mathete yametoa maua, yale ya kijivu yanayoinamia upande mmoja. Kaa wamechimba ndani zaidi. Asubuhi kuna ukungu na harufu ya dagaa wanaoanikwa, na mwewe akipita juu, pwani nzima inanyanyuka kwa mpigo mmoja, inageuka nyeupe, inageuka kahawia, kisha inatua tena. Thiem, yule uliyesoma naye, ndiye mlinzi wa hifadhi sasa. Amenenepa, lakini bado anapiga kasia. Ananiambia mimi ndiye raia pekee anayemletea malalamiko kwa maandishi. Nikamwambia ayatunze, siku moja yatakuwa historia.

Sasa nikujibu.

Ulimpigia binamu yetu Quyet kutoka Brno ukamwagiza matundu ya ndege, ili mama awafungue hekaluni siku ya mwezi mpevu wa mwezi wa tisa kwa kalenda yetu, mwanzoni mwa Novemba yenu, na kwa thawabu ya uhuru wao apate nuru ya macho. Ulilifanya kwa mapenzi, sina shaka hata kidogo. Lakini nimesoma vitabu vya dini yetu kuliko huyo rafiki yako wa sokoni aliyekushauri, na ninakwambia hivi: thawabu ya kumfungua mnyama ni ya mtu aliyemkuta amefungwa. Unapita njiani, unakuta kobe kwenye kamba, moyo unakuuma, unamkomboa. Hapo kuna huruma. Ukiagiza ndege wa kufunguliwa, unachoagiza ni mtego. Ndege uliyetaka kumpa uhuru alikuwa nao tayari. Alikuwa ametoka kuruka bahari nzima kwa uhuru wake mwenyewe, amekonda, ana njaa, ameona tope la Con Say akasema moyoni afadhali nimefika. Hapo ndipo agizo lako lilipomkuta.

Wewe umezaliwa hapa, sihitaji kukuchorea ramani. Ndani ya tuta la hifadhi hakuna anayetega, maana Thiem hana mchezo. Lakini nje ya tuta kuna mashamba yaliyovunwa, na kwenye mashamba hayo kuna wale yangeyange wa uongo, waliochongwa kwa maboksi meupe ya kuhifadhia samaki, wamechomekwa matopeni na vijiti vya ulimbo kandokando yao. Katikati yao huwekwa wawili watatu walio hai, wamefungwa miguu. Hao walio hai hushonwa macho. Kope ya juu na kope ya chini huunganishwa kwa uzi, ili ndege asishtuke kitu, asimame ametulia. Walioko angani wamechoka, wanaona mwenzao mweupe ametulia, wanashuka. Mtegaji kakaa kibandani na kamba ya wavu mkononi.

Mama alijua Quyet anatega. Kwamba anashona, hakujua.

Na Quyet ni wetu. Hili nalisema mapema ili usije ukadhani nakuandikia kumsengenya. Baba mdogo alipofariki, mama alimchukua Quyet akampa mkeka kati yako na mimi, na mpaka leo ukimuuliza mama ana watoto wangapi, anamhesabu. Nikimtukana Quyet natukana ubavu wangu. Nami humtukana mara kwa mara, naye hunirudishia.

Siku ile alifika hekaluni na pikipiki, matundu yamefungwa nyuma hadi huoni taa. Alikuwa amevaa shati jeupe la harusi.

"Dada Vien," akaniambia kabla hajazima injini, "leo naomba usihutubie. Hapa ni hekaluni, si gazetini."

"Mhubiri ni wewe," nikamwambia. "Umeleta waumini wengi, tena wote wamefungwa."

"Hawa wanakwenda kufunguliwa."

"Jana walikuwa wamefunguliwa."

"Wewe usiposhinda hupati usingizi," akasema, akaanza kushusha matundu. "Shika simu. Tru anasubiri. Na usiitingishe."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeshika simu, na ulichokiona ulikiona kupitia mkono wangu. Ulimwona mama amevaa vazi lake la kahawia la hekaluni, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Uliona vile vindege vidogo vikifunguliwa, vingine vikaruka hadi paa, vingine hadi ukutani tu. Halafu Quyet, kwa kutaka wewe uone kitu cha maana, akaingiza mkono kwenye tundu la mwisho, akatoa yangeyange.

"Mama mkubwa, huyu ni wa Tru," akasema. "Mkubwa huyu. Mweupe. Mshike hapa kifuani, hana fujo."

Na kweli hakuwa na fujo. Nawe ukasema kutoka simuni, "Mama umependeza." Nilimwona mama akitabasamu kuelekea sauti yako. Akampapasa ndege mgongo, akapanda shingoni, akafika kichwani. Kisha picha ikakatika, na kwa kelele za matunduni hukusikia kwa nini, nawe ukaamua kwamba ni mimi.

Sikiliza kilichotokea, Tru. Vidole vya mama vilifika jichoni pa ndege vikasimama, kama vinavyosimama vikikuta tobo kwenye wavu.

"Hiki nini?" akauliza.

Quyet akajifanya anafunga tundu.

"Quyet. Hiki nini?"

"Ni ndege, Mama mkubwa. Yangeyange."

"Ndege nimemjua. Nauliza uzi."

Quyet aliniangalia mimi. Maisha yake yote hajawahi kuniangalia kwa kuomba msaada, na siku hiyo mimi, mwenye maneno, nilitazama simu. Alikuwa amepungukiwa na ndege mkubwa wa kukuonyesha, akamchukua wake wa kunasia, yule mzee aliyezoea kushikwa. Alisahau kwamba mama haoni kwa macho tu.

Ndipo mama akasema, taratibu kabisa, "Vien, zima hicho. Mtoto asione."

Mtoto ni wewe. Una nywele nyeupe masikioni, nimeziona kwenye simu, lakini kwake ni mtoto, na hakutaka uone zawadi yako ilivyoshonwa. Kwa hiyo kama thawabu ilikatwa katikati, aliyeikata ni mwenyewe, na aliikata kwa ajili yako. Nimekaa na hili tangu siku ile nikikuachia unilaumu. Juzi nilimsomea mama ule ujumbe wako. Akacheka hadi akakohoa. Akasema, "Mwandikie yote. Wewe ndiye unayejua kugombana." Basi naandika kwa ruhusa.

Baada ya simu kuzimwa, alilitafuta fundo kwa ukucha wa kidole gumba. Akaligeuza. Akalipitisha ukucha mara ya pili.

"Fundo hili nililifundisha mimi," akasema.

Unalikumbuka fundo hilo, Tru. Sisi watatu tumekaa mlangoni, wavu umetandazwa magotini, mama anatuonyesha jinsi ya kuzungusha mara mbili na kuificha ncha ndani ili isikwaruze. Wewe ulikuwa ukilia, mimi nikibishana na uzi, na Quyet akalijua siku ile ile. Mama alimsifu mbele ya majirani. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsifu tangu baba yake afe.

Quyet alikuwa amepiga magoti kwenye saruji. Akasema, "Mafundo mengine yanachubua, Mama mkubwa. Lako halichubui."

"Kwa hiyo ulimhurumia."

"Nilimhurumia."

Mimi ningekuwa na ukurasa mzima wa kumjibu mtu kwa neno kama hilo, na ningeuandika usiku huo huo nikaupeleka mkoani. Mama aliingiza mkono kwenye mfuko wake wa tambuu, akatoa kile kisu kidogo cha kukatia popoo.

"Mshike miguu," akamwambia Quyet. "Vien, mshike mdomo, usimbane pua."

Na mama, asiyeona uso wa binti yake, akakata uzi kwenye kope za ndege kwa kuhisi. Nyuzi zilikuwa zimeanza kuzama ndani ya ngozi. Alizitoa moja moja, akipuliza, akinong'ona yale maneno aliyokuwa akitunong'onea akitutoa miiba. Hakuna tone la damu lililotoka upande wa kulia. Upande wa kushoto lilitoka moja, akalifuta kwa ncha ya shali. Watu waliokuja kufukiza ubani walisimama nyuma yetu, na vindege vingine vilikuwa bado matunduni vikipiga kelele, hakuna aliyekumbuka kuvifungulia.

Kope ilinyanyuka polepole, kama mlango wa nyumba iliyofungwa miaka. Jicho la njano, lina ukungu na machozi.

"Amefungua?" mama akauliza.

"Amefungua."

"Ananitazama?"

"Anakutazama wewe."

"Mwambie asubiri," mama akasema. "Na mimi nitamtazama."

Hiyo ndiyo sehemu ambayo hukuiona.

Kesho yake nilikwenda kwa baiskeli nyuma ya hekalu, kwa sababu mimi siamini kitu mpaka nikione. Walioruka hadi ukutani walikuwa chini ya ukuta, wamekufa kwenye nyasi zenye umande. Walioruka hadi paa walikuwa wamevuka kidimbwi, na ng'ambo ya kidimbwi kulikuwa na wavu. Siku ya mwezi mpevu wategaji wote wanaijua, haihitaji kutangazwa kwenye kipaza sauti cha kijiji. Wanakuuzia ndege asubuhi, jioni wanamchukua tena. Nilisimama pale nikafikiria kukupigia na kukupazia sauti. Halafu nikakumbuka ulivyosema "Mama umependeza", nikarudi nyumbani.

Yangeyange tulikuja naye. Alikaa uani kwetu karibu wiki tatu, karibu na mtungi wa maji ya mvua. Mabawa yake yalikuwa mazima, miguu ilikuwa na kovu tu la kamba, lakini hakuruka. Mama akikohoa, alisogea upande wa kikohozi. Mama alimsimulia mambo yako yote: baridi ya huko, duka, jinsi ulivyokataa kunyonya baada ya mwaka mmoja. Kama angekuwa ndege mwenye ulimi ungeaibika.

Quyet alikuja kila siku na kamba wadogo kwenye kopo. Siku za kwanza alisimama langoni. Mama akamwita, "Ingia, wewe ni mgeni?" Akaingia. Akachuchumaa, akamrushia ndege kamba mmoja mmoja.

"Huyu sasa anakula kuliko nilipokuwa namfanyisha kazi," akaniambia.

"Amestaafu," nikamwambia. "Na wewe karibu utastaafu."

"Nikistaafu utaandika juu ya nani?"

Nikamnyang'anya kopo, akafurahi kwamba amenishinda. Ameapa kwamba hatashona tena. Kuhusu nyavu hajaapa. Wale yangeyange wa boksi bado wako shambani kwake, nawaona kila nikipita juu ya tuta, na kila nikipita nampigia simu. Sikudanganyi kwamba amebadilika kuwa mtakatifu. Ana mke, ana mikopo yake ya ufugaji wa kome, na wateja wa ndege hawajaisha. Mmoja wao ni wewe.

Juma lililopita mama alisema, "Tumpeleke kwao." Thiem akaturuhusu kuingia ndani ya hifadhi, kwa sharti kwamba Quyet asibebe hata kipande cha kamba ya wavu. Quyet akageuza mifuko ya suruali nje kumwonyesha. Thiem akacheka, akasema, "Leo ndiyo mara ya kwanza nakupekua nikakukuta msafi."

Quyet ndiye aliyesukuma mashua kwa pondo. Mama alikaa katikati kwenye kigoda, ndege yuko ndani ya kapu la samaki miguuni pake, kapu limefunikwa kwa kofia ya majani. Maji ya kwetu unayajua, hujaa mara moja tu kwa siku, na siku hiyo yalikuwa yanatoka. Tulipoipita mikoko ya mwisho, sauti ikatupokea. Siwezi kukuandikia sauti ile, Tru, ingawa naitwa mwandishi. Ni kama sokoni na kama kanisani kwa wakati mmoja. Mama aliinua mkono tuache kuongea, akakaa hivyo mkono uko juu, akigeuza uso kidogo kidogo kufuata kila kundi lililopita. Upepo ulikuwa unatoa machozi kwenye macho yake yasiyoona. Nilimfunga shali vizuri, akanisukuma nisimzibe masikio.

Quyet akashuka matopeni hadi magotini, akamweka ndege kwenye kibonge cha tope kilichokuwa kimeinuka, akarudi nyuma. Ndege akasimama. Alifanya kazi yake aliyoizoea: akatulia.

Basi wakaanza kuja. Mmoja alikuwa anapita juu, akamwona, akashuka. Wa pili. Kisha watano kwa pamoja, miguu mbele, mabawa yamefunguka, wakatua kumzunguka, weupe juu ya tope jeusi. Walikuja kwa sababu ile ile iliyokuwa ikiwapeleka mautini, kwamba mwenzao ametulia. Nilimtazama Quyet. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunja vidole, unavuta kamba ambayo haikuwepo. Aliuona mwenyewe. Akauficha kwapani kama mtu anayesikia baridi.

"Wamekuja?" mama akauliza kwa kunong'ona.

"Wamemzunguka," nikasema.

"Na yeye?"

"Anawatazama. Anageuza kichwa."

Mwewe akapita. Pwani yote ikanyanyuka, hao yangeyange nao, akabaki mweupe mmoja tu kwenye kibonge. Alitazama juu. Kwa mara ya kwanza sijui tangu lini, alikiona kivuli kilichokuwa kikimpita. Akainama, akaruka. Aliruka vibaya, miguu inaning'inia, kama nguo iliyopeperuka kutoka kwenye kamba. Akafika kwenye nguzo ya kibanda cha kome, akatua, akayumba, akajishika.

"Ameruka?"

Unajua mimi sidanganyi hata wagonjwa. "Ameruka, mama. Lakini si mbali."

"Si mbali inatosha," mama akasema. "Kesho ataongeza."

Tukiwa njiani kurudi, akasema jambo ambalo nimekuwa nikimbembeleza alikubali kwa miaka miwili. Unajua kila daktari aliyemwona alisema ni mtoto wa jicho, anaondolewa, mama anaona. Na unajua kila mara alikataa, akisema, "Nione nini? Vien namjua, yuko vile vile. Tru hayupo." Siku hiyo mashuani alisema, "Mimi nimemfungua ndege macho kwa kisu cha tambuu. Huyo daktari ana mashine. Haya, nipelekeni."

Quyet aliacha kusukuma pondo. Tukaelea.

Tumeshapewa siku, ni mwezi wa kumi na mbili kwa hesabu yetu, yaani mwishoni mwa Januari yenu, kabla ya mwaka mpya wa Tet. Lakini ameweka sharti, na ndilo lililonikalisha mezani leo. Anataka bandeji itakapofunguliwa wewe uwe umesimama mbele yake. Nilimwambia tunaweza kukupigia simu ya picha. Akasema, "Simuni nimeshamwona. Ni mwanga tu." Usipokuja, haendi. Nimebishana naye, na hapa kijijini hakuna aliyewahi kunishinda kwa ubishi, lakini yeye alinishinda kwa kunyamaza. Daktari anasema jicho la kushoto halitasubiri mwaka mwingine.

Najua utakavyosema. Utasema duka halina wa kuliangalia. Utasema makaratasi. Utasema ulikuja tulipoihamisha mifupa ya baba kwenye kaburi lake la kudumu, na utasahau kuongeza kwamba Khoa alikuwa bado anabebwa. Sitakulinganisha na domomwiko wanaorudi kila mwaka. Wao hawana duka, wana tope tu. Nakwambia kitu kimoja. Miaka hii yote umekuwa ukituma vitu vinavyoruka badala yako: pesa, picha, na mwaka huu ndege. Mama amevipokea vyote na hakuna alichokiona.

Barua hii isome kwa sauti, Tru, mbele ya Hanh, na mbele ya rafiki zako wa hapo sokoni ambao kila mwezi mpevu wanaagiza matundu kwa mama zao wa Nam Dinh na Thai Binh na Hai Phong. Ninawaambia wao pia, kwa majina yao kama ningeyajua: acheni. Hakuna mama aliyeomba ndege. Muulizeni aliomba nini.

Nisalimie Hanh sana, na wazazi wake ukiongea nao. Nisalimie Diep, mwambie aendelee kusoma na asikubali kushindwa kwa hoja na mwanamume yeyote, pamoja na baba yake. Nisalimie Khoa. Quyet anakusalimu, anasema hana la kujitetea, ila mashua ipo na pondo lipo. Thiem anakusalimu, anauliza kama bado unaogopa kaa. Mama hasemi anakusalimu. Anasema amekuwekea dagaa.

Mababu zetu wawalinde barabarani na kazini, wawape afya, na wawalainishe mioyo. Domomwiko hukaa hadi mwezi wa tatu, kisha huondoka. Kata tikiti juma hili, wewe na watoto. Njoo usimame mahali ambapo mama atakuona.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukugombeza kwa moyo mmoja,

Vien